Kilebu Si Kileo

Jumatatu, 9 Juni

Idi imepita, nyama imekwisha, mke hajarudi. Subira yuko kwa mama yake Mchukwi tangu ule mradi wangu wa bata. Sitaki kuandika habari za bata. Bata wenyewe wamenyamaza, na mimi ninyamaze.

Leo kapiga simu. Sauti ya upole! Naogopa sana Subira akiwa mpole. Akifoka najua bado tunaishi pamoja. Akiwa mpole najua keshaamua. Kasema Jumapili wajomba zake wanakaa kikao. Ama anarudi Bungu na mtoto, ama natoa talaka na kila mtu ashike njia yake. Kasema shida haimchoshi, shida kaizoea. Kinachomchosha ni kwamba siku zote naogopa kitu, na badala ya kusema naogopa, natunga mpango. Nikamwambia hilo si kweli hata kidogo. Simu ilipokatika nikaanza kutunga mpango.

Huu hapa. Mimi ni mwenye banda la video, hili ambalo wasio na adabu wanaliita banda umiza, na ndimi mtafsiri wake. Filamu inaongea lugha ya kwao, mimi nakaa pembeni na maiki naongea yetu. Lugha ya kwao siijui sana, ila sauti ninayo. Sasa, watoto wa Bungu wote wanampenda Sikio, yule mbwa wa katuni wa rangi ya manjano mwenye sikio moja refu linaloburuta chini. Binti yangu Nasma anampenda kuliko pilau. Na imetoka filamu maalumu, ya kutazama na familia nzima: maisha ya Sikio alipokuwa mdogo. Kazaliwa wapi, mama yake nani, lile sikio lilirefukaje. Ninayo kwenye flashi! Jumamosi mchana naionyesha. Shule zimefungwa, watoto wanazurura tu. Nasma atakuja na mama yake na bibi yake. Watu watajaa, watapiga makofi, Subira ataona mumewe si mtu wa hivihivi. Jumapili wajomba watakunywa chai warudi makwao.

Kuna tatizo dogo. Naogopa mbwa.

Naandika hapa kwa kuwa hakuna asomaye. Naogopa mbwa mkubwa, mbwa mdogo, mbwa aliyelala, mbwa wa kuchorwa. Vipindi vyote vya Sikio nimevitafsiri nikiwa nimeipa runinga mgongo. Nawatazama watoto usoni. Wakicheka nasema neno la kuchekesha. Wakiziba macho napiga ukelele. Mwaka wa tatu huu, na hakuna aliyegundua. Wanadhani ndio mtindo wangu.

Jumanne, 10 Juni

Nimewaza zaidi. Filamu peke yake haitoshi. Mtoto akifika mlangoni amkute Sikio mwenyewe, mdogo, wa manjano, anapumua! Nasma ataruka. Subira atacheka. Nimemkumbuka Subira akicheka, nikakosa raha asubuhi nzima.

Kwa hiyo nikaenda Mkongo. Kule wakulima wanafuga mbwa kwa ajili ya nguruwe pori wanaomaliza mahindi. Nikaelekezwa kwa Mzee Sikujua. Kabla sijabisha hodi, mbwa zake wakaja kunipokea. Wote. Nikapanda mpapai.

Mpapai si mti wa kupandwa na mtu mzima. Ulianza kuinama taratibu, ukanirudisha kwa mbwa kwa heshima zote. Mzee Sikujua akatoka akauliza natafuta nini huko juu na mapapai bado mabichi. Nikasema nayakagua. Akasema mbwa hawana neno, wanataka kuninusa tu. Nikasema wanuse papai.

Ila kanipa. Kitoto kimoja cha manjano, sikio moja limesimama na jingine limelala. Hakutaka kitu, kanisisitiza tu kisipigwe na kisilale njaa. Nikakitia kwenye tenga la kuku, nikalifunga tenga kwenye ncha ya mti mrefu, nikapanda bodaboda nimeushika mti mbali kama bendera. Dereva aliuliza kuna nini ndani. Nikamwambia hatari. Njia nzima kitoto kililia. Na mimi nililia, ila kwa sauti ya chini.

Nimekifungia bafuni uani. Kina macho ya kupanga jambo. Sasa siwezi kuoga.

Jumatano, 11 Juni

Leo ni matangazo, na hapo pana mtego. Nitasemaje? Neno "mbwa" likitoka kwenye spika, likapita msikitini, likafika Mchukwi, nimekwisha. Mamamkwe wangu Bi Sihaba, mbwa akipita ng'ambo ya barabara, yeye huku anakusanya khanga na kutia udhu upya. Akisikia ni habari ya mbwa, Nasma haji. Nasma asipokuja, Subira haji. Subira asipokuja, sina mke.

Nikafunua kamusi ya marehemu baba. Nikatafuta mpaka nikalipata. Kilebu! Kitoto cha mbwa. Neno safi, la wazee wa pwani, halijachakaa kwa sababu hakuna anayelitumia. Nikalijaribu kwa mama muuza chai. Akauliza kama ni dawa ya tumbo. Bora! Hakuna atakayejua.

Nikaenda kwa Gharibu. Huyu ndiye mchora mabango wetu, ndiye fundi wa nyaya, na ndiye mwenye spika. Ndiye pia aliyepeleka posa kwa kina Subira kabla yangu. Walimkataa, na mpaka leo hajaoa. Kila tukionana ananiuliza Subira hajambo? Hajambo hajambo gani kila siku? Simpendi. Lakini spika ni yake. Nikamwandikia maneno ya kuchora na kutangaza: ONYESHO LA KILEBU, JUMAMOSI MCHANA, WATOTO WOTE KARIBUNI. Akasoma, akakuna kichwa, akasoma tena. Akaniuliza nina hakika? Nikamwambia Kiswahili kina wenyewe. Akasema na yeye si mgeni wake. Nikaondoka haraka, maana kule bafuni kilio kilikuwa kimeanza na jirani alishanipa hongera ya mtoto.

Jioni nikalisikia tangazo kwa mbali. Spika ya Gharibu ina ufa, inameza herufi. Ila sauti tamu! Nikafurahi peke yangu.

Alhamisi, 12 Juni

Naogopa.

Asubuhi nilipotoka, utingo mmoja wa lori alinifuata akauliza ni ya aina gani na kama itakuwa ya baridi. Nikadhani anauliza filamu. Nikamwambia ni ya aina zote, na itawapendeza wakubwa kwa wadogo. Mzee mmoja anayejulikana kwa kupenda tembo la mnazi akanishika mkono kwa mikono miwili, machozi yakimlenga, akaniombea umri mrefu. Akina mama wakawavuta watoto wao ndani nikipita. Mmoja akanitazama akasema, "Baba Nasma, na weye umefikia huko?" Sikuelewa nimefikia wapi.

Nikaenda barabarani. Bango lipo. Kubwa, zuri, herufi nyekundu zenye kivuli: ONYESHO LA KILEO. JUMAMOSI MCHANA. WATOTO WOTE KARIBUNI. Chini, kama zawadi, kachora bilauri inayofura povu.

Nikakaa chini ya lile bango bila kukusudia, na kila gari lililopita likanipigia honi.

Nilipopata miguu nikamkimbilia Gharibu. Nikamkuta anajisikia. Kasema aliona nimekosea, kilebu si Kiswahili, akanirekebishia bure nisiaibike mbele ya watu kwa kutojua kuandika. Kasema kwanza ilimtatiza, watoto na kileo wapi na wapi, halafu akatambua kwamba bila shaka ni semina ya madhara ya pombe. Na kwenye spika je? Kasema na kwenye spika alisema hivyo hivyo, tena kwa madaha. Nikamwambia, Gharibu, ni mtoto wa mbwa! Akasema sasa kwa nini hukusema mtoto wa mbwa? Nikamtukania bilauri yake.

Kumbe bado. Mchana Bi Sihaba kapiga simu. Hakusalimia. Kasema kasikia mashineni, alikokwenda kusaga, kwamba mkwe wake anafungua baa ya watoto. Kauliza, ni kweli au si kweli? Nikishikwa na hofu ulimi unakwenda wenyewe. Nikamwambia, Mama, usijali, ni kadogo tu. Nilikuwa na maana ya mbwa! Akakata simu.

Na alasiri Maalim Abubakary kaniletea ujumbe. Kesho baada ya swala ya Ijumaa nisimame mbele ya watu nieleze.

Ijumaa, 13 Juni

Alfajiri nilipanga kutorokea visiwani, kwa binamu yangu anayekata mikoko huko delta. Nikakumbuka huko kuna mamba. Nikakaa kitandani nikiwapima, mamba na Maalim, mamba na Maalim. Mpaka jua linatoka nilikuwa sijaamua.

Kisha balaa jingine. Kilebu katoka bafuni. Kailamba sufuria kubwa, ile aliyotupa Bi Sihaba siku ya harusi! Sheria naijua: ioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Nikaosha. Lakini kilebu mwenyewe kasimama pembeni ananitazama, na kila akitikisa mkia hesabu inanipotea, naanza upya. Nimeosha mpaka adhana. Sufuria ile haijawahi kuwa safi namna ile, hata dukani. Nikaenda msikitini mikono imekunjamana.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Ya kwanza kwamba bango limechorwa na maadui. Ya akiba kwamba mimi sikuwapo. Swala ikaisha, Maalim akaniita, nikasimama, na yote yakayeyuka. Gharibu safu ya mbele! Nikasikia sauti yangu inasema kweli. Kilebu ni kitoto cha mbwa. Nimeleta katuni ya mbwa kwa watoto na kitoto cha mbwa mlangoni. Nililikwepa neno mbwa kwa kumwogopa mamamkwe.

Halafu mzee mmoja kule nyuma akasema, "Kumbe mbwa tu!" Msikiti mzima ukashusha pumzi. Kumbe mbwa tu, kumbe mbwa tu, likaenda mpaka kwenye viatu. Baada ya hofu ya kileo, mbwa wakamwona mgeni wa heshima. Maalim kasema ningetamka mbwa tangu Jumatano nisingeitwa na mtu. Kasema waliosoma Suratul Kahf leo asubuhi wamekutana na mbwa wa wale vijana wa pangoni, kalala kizingitini kanyoosha miguu, na hakuna aliyekimbia. Basi na huyu aje, ila akae kizingitini kama mwenzake. Mate yake tuyaepuke, na yakigusa chombo tunajua namna ya kuosha. Nikaificha mikono.

Jioni Subira kanitumia ujumbe. Kasema kasikia nimesema kweli mbele ya watu. Kasema kesho wanakuja.

Nimeusoma ujumbe mpaka simu ikazima. Sasa nimepata funzo: neno kilebu lina nguvu ya ajabu! Ningesema mbwa, nani angejua habari ya onyesho? Sasa anajua kila mtu kuanzia Mkuranga hadi mtoni. Maneno ya kamusi siyaachi tena.

Lakini naogopa. Jana niliogopa asije. Leo naogopa anakuja.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika haraka. Nisomeke nisisomeke.

Banda lilijaa. Watoto kwenye mikeka, wazee kwenye mabenchi, Maalim karibu na mlango. Yule utingo wa lori naye alikuja na mwenzake, hawakuamini masahihisho. Mmoja akanong'ona kuuliza kilebu kitagawiwa saa ngapi. Bi Sihaba safu ya mbele na mwavuli wake, ananitazama kama mtu anayechagua pa kupiga. Subira nyuma kabisa, ukutani, kapakata mkoba wake wa safari. Hakuuweka chini. Nilimwambia karibu Mama Nasma, akasema ahsante, kwa upole ule ule.

Kilebu nilimfunga kizingitini kwa pindo la khanga kuukuu. Kusema kweli alimfunga Nasma, mimi nilisimama mbali nikitoa maelekezo. Nasma alipomwona tu alisema "Sikio!" akasahau kunisalimia.

Ndani giza, maana banda nimelizungushia turubai jeusi. Nikaanza. Runinga mgongoni, watoto mbele yangu, nyuso zao zimepakwa mwanga wa filamu. Wakicheka, nachekesha. Wakiinama mbele, nanong'ona. Ilikwenda vizuri! Nilimwona hata Bi Sihaba kajisahau, mwavuli kaulaza. Sikio kazaliwa kwenye boksi sokoni, mama yake anamlamba, sikio bado fupi. Nilikuwa nafikiria namna nitakavyowapokea wajomba.

Halafu nyuso zikabadilika. Muziki ukawa mwembamba. Sikujua kuna nini nyuma ya mgongo wangu. Nikamwinamia Nasma nikamuuliza kwa siri, kuna nini? Kasema, "Mama yake anaondoka, baba. Anamwacha." Na alipokuwa anasema hakutazama runinga. Alitazama kule ukutani alikokaa mama yake.

Hapo hapo waya ukatoa cheche. Ilikuwa ni ile spika ya Gharibu. Niliichomeka kwenye ekstensheni moja na kila kitu ili sauti ifike hadi barabarani. Moshi, pwaa, giza! Watoto wakapiga mayowe. Maiki imekufa, runinga imekufa, na Sikio tumemwacha peke yake sokoni. Mbele ya hapo siijui hadithi. Sijawahi kuiona.

Na ndipo kitu kikapanda juu ya miguu yangu. Cha moto. Kina pua ya maji.

Pindo la khanga lilikuwa limekatika. Kilebu! Katika giza, juu ya vidole vyangu! Nilitaka kupiga yowe, lakini ningepiga yowe watu wangekurupuka, na watoto wako chini kwenye mikeka, wangekanyagwa. Nilitaka kuruka, sikujua nitue wapi. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni neno moja tu. Naogopa.

Banda likanyamaza. Walidhani ni Sikio anayesema.

Nikaendelea, maana kunyamaza kulikuwa kubaya zaidi. Nikasema naogopa giza. Naogopa wakubwa. Naogopa kila kitu, na nikiulizwa nasema siogopi, nina mpango. Sina mpango. Mama kaondoka, nami nilijifanya nacheza ili asione ninavyotaka kulia. Ningejua kusema usiende, ningesema. Siwezi. Neno lenyewe likifika mdomoni linageuka utani. Sauti ilikuwa inatetemeka kweli kweli, kwa sababu kile kitu kilikuwa kinalamba kidole gumba changu. Sikuigiza hata kidogo. Nilikuwa nakaribia kufa.

Kisha Nasma akauliza gizani, mama yake atarudi?

Kilebu akajikunja, akalala juu ya mguu wangu, mzito kuliko nilivyodhani. Nikasema sijui, mwanangu. Nikasema yuko karibu, na anatusikia.

Gharibu ndiye aliyefunua turubai, mwanga ukaingia. Watu wanafuta macho! Bi Sihaba kajifunika uso kwa khanga, mabega yanamcheza. Matingo wanapeana leso. Watu wakapiga makofi, nami nikainamisha kichwa kushukuru, nikamwona kilebu alipolala. Nilipozinduka nilikuwa juu ya benchi la wazee nimemkumbatia Maalim shingoni.

Subira alinisubiri mpaka nikashuka. Kasema, "Baba Nasma, niambie kweli. Kwenye filamu hiyo, yule mama anarudi?"

Nilikuwa nimeshasema sijui mara moja, na haikuniua. Ningesema tena. Lakini alinitazama kwa macho yale ya zamani, hofu ikanishika upya, nikasema anarudi, bila shaka, nimeiona filamu hii mara nyingi. Kasema basi atajionea mwenyewe, waya ukishatengenezwa.

Jumapili, 15 Juni

Kikao Mchukwi. Nilikaa pembeni ya mkeka, nusu ya matako nje. Mjomba mkubwa akakohoa, akaanza kwa dua, akasema tumekutana kwa jambo zito. Subira akaomba ruhusa. Kasema jambo lisogezwe mbele, kuna filamu hajaimaliza. Wajomba wakatazamana. Mjomba mkubwa kauliza filamu gani hiyo ya kuzuia kikao cha watu wazima? Bi Sihaba akajibu, "Ya mbwa." Kwa sauti ambayo baada yake hakuna aliyeuliza zaidi.

Tumerudi Bungu wote watatu. Nyumba ina sauti tena! Subira kafagia, kapika kwenye sufuria ile, kasema inang'aa, kauliza nimeifanya nini. Nikasema mapenzi. Lakini usiku... hapana, mapema tu, kabla ya kula, nikamsikia anamwambia Nasma asizoee sana. Wanatazama mwisho wa filamu kwanza, ndipo ataamua.

Jumatatu, 16 Juni

Asubuhi Subira alipokwenda gengeni, Gharibu kaja na waya mpya. Dakika chache tu, taa zikawaka. Alipoondoka nikajifungia bandani nione mwisho mwenyewe. Nilikaa mbali, mto usoni, natazamia upande. Nikafika pale sokoni. Mama anaondoka. Halafu yakatokea majibwa makubwa ya pale sokoni, meno nje! Nikazima. Nikajaribu kusikiliza tu, macho nimefumba. Yakabweka. Nikakimbia nje, na nje kizingitini kalala kilebu. Nikarudi ndani. Nikakaa katikati, ndani majibwa, nje kilebu, mpaka Nasma alipokuja kunitoa.

Kwa hiyo bado sijui. Pengine mama anarudi. Pengine harudi! Hawa watengeneza filamu wanapenda kuliza watu. Asiporudi, mimi ni mwongo, na Subira ana haki ya kwenda zake. Kumwambia kwamba sijui, kwamba naogopa hata mbwa wa kuchorwa? Bora nirudi kwenye mpapai.

Basi nimepata mpango. Nimezima swichi kubwa ya banda na nyumba. Nimemwambia Subira hitilafu ni kubwa mno, kuna kifaa lazima kitoke mbali. Gharibu nimemwapisha asimwambie mtu. Kaapa upesi sana, na kwa tabasamu nisilolipenda.

Jumatano, 18 Juni

Mpango unakwenda vizuri ajabu! Giza tupu, na hakuna lawama.

Kila alasiri Subira anatandika mkeka, Nasma kando yake, kilebu kizingitini, nami napita dirishani kuingia. Subira anasema, haya Baba Nasma, tuendelee pale umeme ulipokatikia. Nami naendelea kwa mdomo. Mpaka leo Sikio kavushwa mto Rufiji na mamba mwenye meno mabovu, kakamatwa akiiba embe Ikwiriri, kapotea mikokoni maji yakajaa, kiboko kakaa juu ya sikio lake, ndipo likarefuka. Kila nikimkaribia yule mama, hofu inanishika, naongeza mto mwingine wa kuvuka. Subira jana alicheka mpaka akalala chini. Nilisimama nikamtazama, nikasahau mbwa yuko upande gani. Kasema kifaa hicho kisiharakishwe. Kikichelewa, kichelewe.

Kuna mambo mawili tu siyaelewi. Simu yake imejaa chaji, na nyumba haina umeme. Na leo asubuhi kampelekea Gharibu sahani ya vitumbua. Nilipomuuliza kwa nini, kasema ni ahsante ya waya. Waya gani, na giza lote hili? Wivu ulinipanda, nikautuliza. Nadhani anamhimiza tu alete kifaa.

Hajui kitu, maskini.